Moja Iliyosomwa Saba

Kazini walimwita Mama Mawe, maana katika miaka yote ya kupima ardhi hakuna kilichompa raha kama kufukua jiwe la mpaka na kulikuta pale pale lilipopandwa.

Asubuhi moja alikwenda kwa majirani wawili, mwalimu mstaafu na mshona nguo, ambao walikuwa na miaka sita hawasalimiani. Mwalimu alitaka kumjengea binti yake chumba kando ya ua wa michongoma. Mshonaji akadai msingi umevuka ua na kuingia kwake. Ramani ilimpa mwalimu haki: upana wa kiwanja chake ni mita kumi na nane na sentimita sabini.

"Wewe pima tu, mama," mwalimu alisema. "Karatasi haina ubishi."

Mama Mawe hakuanza na karatasi. Alianzia mwanzo wa mtaa, akayatafuta mawe ya zamani na kupima kutoka hili hadi lile. Yote yaliafikiana na ramani. Lililobaki ni la kwenye ua, nalo halikuonekana. Alichimba penye sentimita sabini mpaka jasho likamtoka, udongo mtupu. Akarudi nyuma kidogo kidogo, akaingia chini ya michongoma iliyomchana mikono, hadi sululu ikagonga. Jiwe, na chuma chake katikati. Akapima: kumi na nane na sentimita kumi.

Ofisini akaomba daftari la vipimo la wakati mtaa ulipopimwa. Mwandiko aliutambua kabla hajaona jina. Ulikuwa wake, wa mwaka wake wa kwanza kazini. Moja yake ilikuwa na kofia ndefu, na mchora ramani akaisoma saba. Mama Mawe akakaa. Mchoraji alikwishafariki, angeweza kumtwika kosa lote na asiulizwe na mtu.

Kesho yake aliwaita majirani wote wawili pale uani, akawaonyesha ukurasa.

"Jiwe ndilo mpaka," alisema. "Lilipandwa kwanza, ramani ikafuata. Kilichopotosha ramani ni mwandiko, na mwandiko ni wangu. Nisameheni."

Mwalimu akavaa miwani, akaikagua ile namba kwa muda mrefu.

"Maisha yangu yote nimewaambia watoto moja haivai kofia," alisema. "Kumbe kuna mmoja alinitoroka."

Mshonaji akaangua kicheko kabla hajakumbuka kwamba wamenuniana.

"Na chumba cha binti je?" akauliza.

"Kitasogea. Sentimita sitini si safari."

"Basi dirisha litazame huku kwangu, apate upepo. Hii michongoma nitaipunguza."

Mama Mawe alijaza fomu ya kusahihisha ramani na kujitaja mwenyewe penye chanzo cha kosa. Mkuu wake akasoma, akamtazama, akasaini. Wiki ya tatu alipopita mtaani, ukuta wa chumba ulikuwa umefika usawa wa dirisha, na mpira wa maji wa mafundi ulikuwa umepitishwa juu ya ua, ukitokea kwa mshonaji.