Televisheni ya Kupimia Jicho la Bibi

Bibi yangu alipofunguliwa bandeji ya jicho la kulia, kitu cha kwanza alichotaka kukitazama tulipofika nyumbani Ntalikwa hakikuwa sura yangu. Kilikuwa televisheni. Nasema hivi bila kinyongo, ingawa siku hiyo nilikuwa nimevaa shati jipya makusudi, nimelishona mwenyewe.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Televisheni yetu ilikuwa ya chogo, imejaa nyuma kama gunia la mahindi, na ilikuwa imekaa juu ya kabati miaka mingi mpaka kabati likaanza kupiga magoti. Ilihitaji kupata moto kwanza. Saa mbili ilipofika akatokea mtangazaji wa taarifa ya habari, yule ambaye Bibi anamwita mkwe wake na humjibu kwa sauti kila akitutakia jioni njema. Bibi akasogeza kigoda. Akafumba jicho la kushoto, ambalo bado lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, akakodoa la kulia. Kisha akakunja uso kama mtu aliyeuziwa kuku mgonjwa.

"Hawajanitibu," akasema.

"Bibi, si daktari amesema jicho limepona?"

"Limepona, mbona mkwe bado ana ukungu usoni?"

Nikamweleza kwamba huo ukungu ni wa televisheni. Hata mimi mwenye macho mawili mazima namwona mkwe kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi wa kuni.

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote, Bibi."

"Na hukuniambia?"

Ningemwambiaje? Miaka yote nilidhani anajua. Yeye naye miaka yote alidhani wote tunamwona mkwe vizuri isipokuwa yeye. Akanishika kidevu. "Mume wangu una huruma," akasema, maana mimi mjukuu wake wa kiume ndiye mume wake, "lakini usinidanganye ili nijisikie vizuri."

Shida ni kwamba jicho la kushoto lilikuwa halijafanyiwa kitu, na ndilo lililokuwa baya zaidi. Madaktari wa macho waliokuja hospitalini mjini walimpangia siku ya kurudi, na wakimaliza kazi yao wanaondoka, wala hatukujua kama watarudi tena Tabora mwaka huo. Bibi akasema haendi. Hawezi kukatwa mara ya pili kwa kazi ambayo haionekani.

Nikabishana naye kwa siku nzima. Nikamwonyesha kwamba anachambua mchele na hata kajiwe kadogo hakampiti. "Mchele uko mkononi," akasema. Nikamwambia asubuhi ile kamwona mbuzi wa jirani akiwa katikati ya mahindi, mbali kule, kabla mimi sijamwona. "Mbuzi ni mkubwa." Hoja zikaniishia. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, tena kile cha kusukumwa, na hapakuwa na somo la kubishana na bibi.

Basi nikavunja kibubu. Humo mlikuwa na akiba ya kununulia cherehani ya umeme, kwa sababu mimi ni fundi nguo, nashona sare za shule kwenye baraza moja pale mjini, nakanyaga pedeli huku naota. Nikishona kaptula naota nina kiwanda. Nikitia vifungo naota nahojiwa kwenye televisheni kuhusu kiwanda. Nikajisemea, ya nini kuhojiwa kwenye televisheni ambayo bibi yako hataweza kuona ni wewe?

Tukaenda wote wawili mjini. Dukani kwenyewe televisheni zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zikionyesha mkanda uleule wa maua na nyuki. Moja ilikuwa kubwa kama mlango. Mbele yake nilisimama nikaona maisha yangu yote: mimi nimeegemea kochi, majirani wamejaa hadi dirishani, mtu anauliza rimoti iko wapi na mimi naitoa mfukoni polepole. Bei yake nilipoisoma nikaegemea kaunta badala ya kochi.

Muuzaji, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, akamwamkia Bibi shikamoo, akatupeleka kwenye nyingine, pana vilevile lakini bei yake ya kuzungumzika. Ilikuwa na karatasi imebandikwa pembeni, HD, kwa herufi za dhahabu. Nikaipenda palepale. Ningeinunua, naapa, kwa upana tu.

Bibi akaisogelea. Marehemu babu yangu alikuwa mrina asali, akitundika mizinga msituni upande wa kuelekea Urambo, na Bibi alizeeka akichuja masega.

"Hawa nyuki hawana miguu," akasema.

"Mama, nyuki wanaruka haraka," muuzaji akasema. "Miguu haionekani."

"Nimeishi na nyuki kabla mama yako hajaota kukuzaa. Nyuki akitua ana miguu."

Akaenda kwenye ile ndogo ya inchi thelathini na mbili, ambayo mimi nilikuwa nimeipita bila hata kuisalimia. Akainamisha kichwa. "Hawa wana miguu. Na huyu hapa ametoka kazini, amebeba chavua mapajani."

Nikaruka. "Bibi! Umeona sasa? Jicho limepona!"

"Dukani ni dukani," akasema bila kugeuka. "Hata nyanya sokoni humwagiwa maji zing'ae. Mimi nitaamini nikimwona mkwe wangu, nyumbani kwangu, kwa umeme wangu."

Lakini angalau televisheni tulikuwa tumeipata, maana muuzaji alikiri kuwa ile pana karatasi yake inasema zaidi ya kioo chake. Ikabaki bei. Hapo ndipo Bibi alipomuuliza kwao wapi, akajibu Kisarawe.

"Mzaramo?"

"Mzaramo mtupu, mama."

"Rudisha marahaba yangu!" Bibi akapiga kofi kaunta. "Mtani wangu ananiamkia shikamoo kwa heshima zote kumbe anataka kuniibia! Mimi Mnyamwezi!"

Yule bwana akavua kofia akacheka mpaka akakohoa. Watu wa Tabora tunajua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupitia kwao. Watani wakikutana hakuna mteja wala mwenye duka.

"Ndiyo maana umekuja na mpagazi wako," akasema akininyooshea kidole. "Mwambie aibebe kichwani mpaka kwenu, nyie si ndiyo kazi yenu?"

"Tulibeba mpaka kwenu tukawakuta mnacheza ngoma. Tukabeba tukarudi, bado mnacheza. Punguza bei."

"Nikipunguza nitakula nini, mtani?"

"Kula ngoma."

Alipunguza. Alipunguza tena. Mwishowe akasema Bibi amemvua nguo mbele ya wateja, na kwa hasira za uongo akainyakua kamba fupi nyeusi aliyokuwa ameiweka juu ya boksi mwanzoni kama nyongeza ya bure. Akaifunga kiunoni kama mshipi. "Hii nimeiteka! Mkiitaka njooni muikomboe kwa asali."

"Baki nayo," Bibi akasema. "Kamba fupi hivyo haifungi hata mbuzi."

Nikacheka na mimi, kwa sauti kubwa, ili ionekane najua tunachekea nini. Tukapanda bajaji tukiwa tumeisimamisha televisheni katikati yetu, kwa kuwa mtani alisema isilazwe, na Bibi akaikumbatia njia nzima akiiambia isiogope mashimo.

Nyumbani nikaichomoa ile ya chogo. Kwenye king'amuzi kulikuwa na waya zake za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ambazo nimezijua tangu utotoni. Nikatafuta matundu ya rangi hizo nyuma ya televisheni mpya, nikayapata, nikachomeka. Nikajiona injinia. Bibi alikuwa ameoga, amejifunga khanga safi, amekaa kwenye kigoda chake akisubiri saa mbili.

Mkwe akatokea. Alikuwa mpana zaidi. Ukungu nao ulikuwa mpana zaidi.

Bibi akafumba jicho moja, akafumbua, akafumba. "Amenenepa," akasema.

Nikashika rimoti nikabonyeza kila kitu. Mkwe akawa mwekundu, akawa wa kijani, akazungumza bila sauti. Ukungu haukutoka. Nilijiandaa kwa maneno makali, maana Bibi anayo, lakini akaniwekea mkono kichwani tu.

"Umejitahidi, mume wangu. Kitu ni kizuri. Jicho ndilo limekataa."

Akainuka. Kwenye kiti alikuwa ameandaa doti ya khanga ya kwendea hospitali, nadhani moyoni alikuwa ameshaanza kuamini. Akaikunja polepole, akairudisha sandukuni, akafunga sanduku. Sijawahi kuchukia sauti ya kufuli dogo kama usiku ule.

Asubuhi nikawa wa kwanza kufika dukani, hata mlango ulikuwa umefunguliwa nusu. Mtani aliponiona akachungulia nyuma yangu.

"Asali iko wapi?"

"Asali gani? Umetuuzia kitu kina ukungu!"

"Mmeunganisha na nini?"

"Na waya. Zile za rangi tatu."

Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Kamba ilikuwa bado imening'inia kwenye msumari juu ya kaunta. "Mtani, hii si kamba, ni waya wa kupitisha picha safi kutoka kwenye king'amuzi! Hizo za rangi tatu ni za chogo, picha inafika imechoka. Nilijua utarudi kuikomboa kabla bajaji haijawaka. Nimengoja mpaka nafunga duka, nikasema Wanyamwezi hawa wabahili wa asali kiasi gani?"

Sikuweza hata kumtukana. Nikamweleza yote: jicho, mkwe, sanduku, na kwamba siku ya hospitali ni kesho kutwa. Akaacha kucheka. Nikanyoosha mkono nipewe kamba, akakataa, akauliza tu njia ya kufika kwetu. "Mimi niliiteka, mimi nitairudisha."

Jioni tukasikia mtu anaimba njiani, vibaya sana. Alikuwa ni yeye. Alikuwa ameizungusha ile kamba ikawa kama ngata, ameiweka kichwani, na juu yake akaweka kofia, na anatembea amekunja mgongo kama aliyebeba pembe ya ndovu.

"Hodi! Mpagazi wa Kizaramo nimefika Unyamwezi!"

Bibi akatoka na mwiko mkononi. "Tangu lini Mzaramo akabeba mzigo? Utue polepole usije ukafa tukalaumiwa!"

"Mama, nimeukosea utani. Nimeteka kitu ambacho hakitaniwi."

"Ingia," Bibi akasema. "Ugali upo. Usimalize."

Nikachomoa rangi tatu, mtani akachomeka kamba, akaniagiza kitufe cha kubonyeza kwenye rimoti. Tukakaa watatu. Saa mbili ikafika, ule muziki wa habari ukapiga, na mkwe akatokea.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona. Tai yake ilikuwa na vidoti. Bibi akafumba jicho lake la kushoto kwa kiganja, akasogea mpaka mtani akalazimika kuinama pembeni.

"Kumbe ana mvi," akasema.

Akaangalia tena. "Na hapa kidevuni amejikata na wembe. Maskini. Miaka yote namtania kama kijana, kumbe mwenzangu." Sauti ilikuwa imempungua. Halafu akageuka, akaniangalia mimi, tena kwa muda mrefu, kwa jicho lile moja.

"Na wewe, hilo shati umelishona lini? Kola imekwenda upande."

Nilifurahi sana kuambiwa hivyo. Mtani akasema anashangaa fundi gani anavaa aibu yake mwenyewe, akatupiwa kipande cha ugali. Wakati wanazozana Bibi akaniambia, kama anayekumbuka chumvi, niende nikamtolee ile doti sandukuni niipige pasi.

"Lakini nikitengeneza na la pili," akauliza, "mkwe nitamwona mmoja au wawili?"

"Wawili," mtani akasema. "Mmoja wako, mmoja wangu, uje umkomboe kwa asali."

Siku ya hospitali tulikaa kwenye benchi refu na wenzetu waliokuja kufuatilia macho yao. Kando yetu kulikuwa na mama mmoja aliyesafiri kwa treni kutoka Kaliua, amefunguliwa jicho moja tayari, na alikuwa anamlalamikia binti yake kwamba bora warudi nyumbani, hajaona tofauti yoyote, hata kwenye televisheni watu ni walewale wa ukungu. Bibi alikuwa anaitwa aingie. Akamgusa yule mama begani.

"Dada, kwenu mmechomeka waya gani?" akamuuliza, na bila kungoja jibu akaninyooshea mimi kidole. "Mume wangu huyu hapa, atakueleza. Mimi nakuja sasa hivi."