Gari la Siku Yenyewe

Baba yangu alikuwa mtunza stoo maisha yake yote, na stoo ilimharibu akili. Nasema hivyo na ni baba yangu, nampenda. Kule kazini, kitu kilichokaa kwenye boksi bila kuguswa ni kipya hata kikae miaka. Imani hiyo akaileta nyumbani, ikatutawala. Vikombe vizuri vilifungiwa kabatini, sisi tunanywea vya plastiki vilivyong'oka mikono. Ukimuuliza, jibu lake ni moja: "Vinangoja siku yenyewe." Mtaani wakambandika jina, Mzee Siku Yenyewe, wala hakukasirika. "Akiba haiozi," aliwajibu.

Mfalme wa akiba zake alikuwa gari. Alilijengea banda la mabati kabla hajamalizia jiko la mama. Viti havikuvuliwa nailoni. Kila Jumamosi alilifuta, akaliwasha, akalisikiliza linavyonguruma, akalizima. Ukimwomba akufikishe sokoni anakutazama kama umemwomba figo. Mama alikuwa akipita na kikapu chake anamtania: "Mume wangu ana mke wa pili, ila yule hatumwi sokoni!" Tunacheka. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Fundi aliyekuja kumwaga oili alimwambia mbele yangu, nikiwa nafua uani.

"Mzee, huu mkanda wa taimingi tuubadilishe. Umezeeka."

"Umezeekaje? Hebu soma kilomita hapo. Gari haijatembea hii."

"Hazihesabiwi kilomita peke yake, mzee. Hata miaka inahesabiwa. Ule ni mpira, unakauka hata gari ikikaa. Siku ukikatika, pistoni zitagonga valvu, injini imekwisha."

"Nyie mafundi nyie! Hamwezi kuona kitu kizima mkakiacha kizima."

Fundi akanawa mikono, akaniaga mimi, akaenda zake.

Halafu bibi akaugua, mama yake mama, aliyeishi mbali, safari ya kutwa nzima. Mamdogo aliyekuwa akimuuguza alipiga simu asubuhi. "Dada, njoo leo leo. Anakuulizia wewe tu, na hali yake, usiombe." Mama akafungasha haraka haraka awahi basi. Baba akasimama mlangoni, ufunguo mkononi.

"Basi la nini, mama watoto? Gari ipo. Siku yenyewe si ndiyo hii?"

Sikuwahi kumwona na uso ule, wa huzuni na fahari pamoja. Masikini, miaka yote ile alikuwa hajui anaitunzia siku gani, na sasa imefika. Mama alimtazama, akaliacha basi. Alimwamini.

Tukaondoka watatu. Baba anaendesha kama amebeba trei za mayai. Basi ambalo mama angepanda likatukuta njiani, likatupita. Nikamwambia, "Baba, kaza mwendo kidogo." Akanijibu bila kugeuka, "Kawia ufike, mwanangu."

Tulikuwa tunapanda kilima kirefu uliposikika mlio mfupi, kama fimbo kavu ikivunjwa, kisha vyuma vikagongana ndani, kisha kimya. Gari likasogea pembeni kwa nguvu zake za mwisho. Baba akazungusha ufunguo, injini ikazunguka kiwepesi wepesi, tupu, haishiki. Akazungusha tena na tena. Alishajua. Niliiona shingo yake imelegea.

Tulipunga mikono mpaka ikatuuma. Malori hayakusimama, mabasi yamejaa. Simu ikaita, mamdogo. "Mmefika wapi? Kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni wewe."

"Mwambie niko njiani," mama alisema. "Mwambie kwamba mwanawe yuko njiani, asilale."

Jua lilikuwa limeshageuka simu ilipoita tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akavua viatu vyake vizuri, akakaa chini kwenye changarawe. Baba akapiga magoti mbele yake barabarani, mtu mzima yule. "Nilikuwa namtunzia mama yako gari hii. Wallahi nilikuwa namtunzia." Mama alitazama malori. Tulikawia, na hatukufika.

Tuliporudi kutoka mazishini, tulikokwenda kwa basi, mama alifungua kabati akatoa vikombe vyote vizuri. Ndivyo tunavyonywea chai mpaka leo. Kimoja kikivunjika anakifagia, basi. Baba alizichana nailoni za viti kwa mikono yake mwenyewe, akazichoma nyuma ya banda, na moshi wake ukatuingia ndani siku nzima. Humu ndani siku hizi watu wanaombana chumvi tu. Nimechoka. Wakati mwingine natamani wagombane, wapigiane kelele, ili nijue bado wapo.

Juzi fundi alimaliza injini. Kaweka valvu nyingine, kaweka na mkanda mpya. Alipoondoka, baba akaliwasha gari, akaliacha likinguruma, akaja jikoni amevua kofia kama mgeni.

"Mama watoto, gari imepona. Panda nikupeleke. Popote unapotaka, hata sasa hivi."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaushusha ungo mapajani. Hakuwa na hasira, laiti angekuwa nayo. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Kwa nani?"

Gari liliendelea kunguruma nje, na hakuna kati yetu aliyekwenda kulizima.