Matonge Manne Mbele ya Mume Wangu

Mimi na mume wangu tulianza kula sahani moja wiki ya harusi yetu. Watoto walipokuwa wadogo tuliwapakulia yao, sisi tukabaki na sinia letu dogo la bati ambalo maua yake yamefutika katikati. Kwao alikolelewa, upande wa Shimoni, walimfundisha kwamba watu wakila pamoja, mwenzako akinyanyua mkono nawe unyanyue, usije ukaonekana umebaki kufagia chakula. Kwa hiyo anayeshiba mapema hujikalisha hapo hapo, akachambua miba ya samaki, akachovya kidole kwenye mchuzi, ili mwenzake naye apate kushiba. Miaka yote hiyo aliyekuwa akijikalisha ni yeye, kwa sababu mlaji nilikuwa mimi.

Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, Mombasa. Sukari ilikuwa imenipanda, magoti yamegoma, na kaka yangu aliyeko Uarabuni alisema atalipia kila kitu kwa sababu bado anamhitaji dada yake. Madaktari waliondoa sehemu kubwa ya tumbo, wakanibakishia kifuko chembamba. Wiki za kwanza nilikunywa supu na uji mwepesi, kisha nikarudi kwenye chakula cha kawaida, kidogo kidogo. Matonge manne ya wali na nimejaa. La tano hukwama kifuani, jasho likanitoka, nikaenda kulitapika nyuma ya jiko.

Basi nikawa nanyanyua mkono baada ya matonge manne, wala sikujikalisha kama alivyokuwa akinifanyia yeye. Naye akanyanyua wake.

"Endelea kula, baba," nilikuwa nikimwambia.

"Alhamdulillahi, nimeshiba," hunijibu, na huku tonge lake la mwisho bado analimeza. Kumbembeleza mtu wa namna hiyo ni kazi bure. Kuendelea kula wakati mkewe amekaa anamtazama, kwake yeye ilikuwa ni kukosa adabu, na kwa mke mgonjwa ilikuwa ni ukatili.

Laiti ningekuwa mgonjwa kweli. Tumbo walilikata, mdomo wakaniachia. Hakuna aliyeniambia, au waliniambia nikajitia uziwi, kwamba vipo vitu ambavyo kifuko hakivizuii. Ugali hukwama, nyama hukwama, lakini kachiri, zile chipsi kavu za muhogo zenye pilipili na ndimu, hazikwami. Biskuti huyeyuka. Kashata huyeyuka. Mabuyu unayamumunya, mbegu unazitema, basi mtu unajidanganya kuwa hukula kitu. Moja moja, kutoka asubuhi hadi alasiri, mlango uko wazi.

Na mimi ni fundi wa cherehani, nashonea kibarazani kwangu hapa Tiwi, njia inapita mbele ya miguu yangu. Kila kinachouzwa hunipitia. Mama wa viazi karai alikuwa akifika kwangu hasemi kitu, anafungua tu beseni. Kachiri nilizihifadhi kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na chaki, na mkono wa kulia ulijifunza kwenda droo na kurudi bila kuniuliza. Haikuwa njaa. Njaa naijua, nilikuwa nayo miaka mingi. Hii ilikuwa kazi ya mdomo, kama mtu anayeuma kucha.

Siku moja niliacha alama ya vidole vyenye mafuta kwenye satini ya bibi harusi. Mama yake alipouliza nikasema ni mafuta ya cherehani. Akanipa pole, akasema cherehani za siku hizi hazina maana. Niliona haya, lakini alipogeuka tu nikafungua droo.

Jambo ninalojilaumu zaidi ni sufuria. Zamani nilipika sufuria kubwa, na kiporo cha usiku ndicho alichokula mume wangu asubuhi kabla ya kwenda timboni, huko wanakochonga mawe ya kujengea. Kazi ya kuchonga mawe haitaki mtu aliyekunywa chai kavu. Lakini baada ya upasuaji nilikuwa sitaki kuona chakula kimebaki, kwa sababu kikibaki nitakidonoa, nitabandua ukoko. Nikanunua sufuria ndogo. Nilijiona shujaa siku ile, nikawaonyesha hata majirani. Yeye akaitazama, akasema, "Inshallah itatutosha." Asubuhi zikaja bila kiporo, naye hakuuliza.

Kwa hiyo nilijikinga na wali kwa kumnyima yeye, kisha nikala kachiri. Sijui nilifikiri nini. Nafikiri sikufikiri.

Alikonda. Shati lilianza kumpwaya mabegani, mkanda akautoboa tundu jipya kwa msumari. Watu walimuuliza kama anaumwa, naye akawaambia, akicheka, kwamba mke wake amefanyiwa upasuaji na tumbo lililopungua ni lake. Nilikuwa nacheka pamoja nao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepungua sana, wanawake wakinisifu kwenye kila harusi, kisha uzito ukasimama, na baadaye ukaanza kurudi polepole.

Tulikwenda kliniki Mombasa pamoja, alikuwa hakubali niende peke yangu. Mtaalamu wa lishe ni msichana wa bara, mpole sana. Alinipima, akatazama mizani, akanitazama mimi.

"Mama, uzito imeanza kurudi. Kuna vitu ndogo ndogo unakula hapo katikati? Niambie tu, mimi sitakugombeza."

"Sili kitu, mwanangu," nilisema.

Mume wangu akasogeza kiti. "Daktari, mimi nakula naye sahani moja. Wallahi, matonge manne, amenyanyua mkono. Mimi ndiye shahidi wake."

Nilimwacha aape. Huyu ni mtu asiyeapa hata akisingiziwa, anasema jina la Mungu si la kuchezewa, na hapo alilitoa kwa ajili yangu, mbele ya mtoto wa watu, juu ya jambo ambalo mimi nilijua si kweli. Ningeweza kuweka mkono juu ya mkono wake. Nilitazama chini, nikavuta mtandio. Yule msichana aliandika, akasema miili hutofautiana.

Tukavuka feri kurudi. Mume wangu alinibebea mkoba, kwa kuwa anaamini sina nguvu, na katika mkoba ule mlikuwa na pakiti ya kachiri niliyoinunua mlangoni mwa hospitali wakati yeye amekwenda msalani. Kila aliposukumwa na watu niliisikia ikichakacha kwapani mwake. Alinishika kiwiko hadi ng'ambo.

Nyumbani aliniambia amepata wazo. Atafunga Jumatatu na Alhamisi, na kila akifuturu ataniombea dua mwili wangu upate wepesi. Nikamwambia asijisumbue, na kazi yake ile. Akasema si usumbufu. Jumatatu ile ya kwanza nilikaa kwenye cherehani nikaapa sitafungua droo mpaka magharibi. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshaifungua, na kachiri zile zilikuwa chungu mdomoni, na nilizimaliza. Tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi nilikula zaidi kuliko siku nyingine. Nikijiona mbaya nilitafuna, na nikitafuna nilijiona mbaya. Aliye nje ya jambo hili atasema si uache tu. Mimi pia nilikuwa nikiwaambia hivyo watu wa sigara.

Alhamisi moja, karibu na adhuhuri, mwenzake wa timboni alikuja na pikipiki, hata hakuteremka. "Shikamoo, mama. Mzee ameona kizunguzungu, jiwe limemwangukia mguuni. Yuko zahanati. Usiwe na wasiwasi, anaongea."

Nilichukua mkoba nikapanda nyuma yake. Na njiani, Mungu ananiona, mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba. Nilikuwa nalia na natafuna. Nilipofika mlango wa zahanati nilipangusa midomo kwa ncha ya leso kabla ya kuingia.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, mguu umefungwa, vidole viwili vimevunjika. Mganga wa zamu, mwanamume wa makamo, alikuwa akimhoji.

"Umekula nini leo, mzee?"

"Nimefunga."

"Na jana?"

"Jana nimekula nyumbani. Na mke wangu."

Mganga alisema sukari imeshuka mno, na mwili wote unaonyesha haupati chakula cha kutosha kwa kazi anayoifanya, na si kwa siku moja. Kisha akanigeukia kwa heshima zote. "Mama, huyu anahitaji kula. Funga ingojee kwanza." Akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Niliuona mkono wa mume wangu juu ya shuka. Mifupa ya kiganja ilikuwa imetokeza. Mkono huo ulikuwa ukinyanyuka kila wangu uliponyanyuka, usiku baada ya usiku, na mimi nikauona na nisiuone. Nikasema yote. Nilimtajia droo, viazi karai, mabuyu, mafuta kwenye satini, pakiti aliyoibeba kwapani kwenye feri. Nilimwambia kwamba hata sasa hivi, nikija kwake, nilikuwa natafuna. Nikafungua mkoba, nikauweka kitandani ili aone mwenyewe.

Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kimya, hata kwa talaka, akili ya mtu mwenye hatia ina mbio. Yeye aliutazama ule mkoba kwa muda, kisha akaufunga zipu taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Kumbe ulikuwa unakula," alisema. "Ila si na mimi."

Nikauondoa mkoba kitandani, nikauweka sakafuni.

Nilirudi kliniki peke yangu, nikamwambia yule msichana ukweli. Hakunigombeza, kama alivyoahidi. Alinipangia saa za kula, nianze na samaki au maharage kabla ya kitu kingine, maji yangoje mpaka baadaye, na mdomo ukinisumbua niinuke kwenye cherehani nitembee hadi kisimani na kurudi. Droo nimeihamishia ndani, imejaa vifungo. Mama wa viazi karai nimemwomba apitie njia ya nyuma, akakasirika kidogo, kisha akakubali. Kuna siku nashinda na kuna siku nashindwa. Jana nilishindwa. Uraibu huu haukuondoka kwa sababu umeniaibisha.

Sufuria kubwa imerudi jikoni. Kiporo kipo kila asubuhi, na yeye ananenepa, mashavu yamejaa, amerudi timboni ingawa anachechemea kidogo. Siku ile alipotoka zahanati aliniomba nimpakulie chake mbali. "Nisikuharakishe," alisema, kwa upole ule ule, na nikajua siwezi kumbembeleza. Sasa anakula kibarazani, kwenye sahani yake, mpaka anashiba. Ndicho nilichokitaka. Namshukuru Mungu kwa kila tonge analomeza. Mimi nakula ndani, polepole, kama nilivyoagizwa.

Juzi jioni nilitoka kuanua nguo. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, wali na samaki mbele yake, na ilibidi nimpitie karibu kabisa. Akanyanyua uso, akatabasamu, akasema, "Karibu," vile tunavyomwambia mtu yeyote anayepita tukiwa tunakula. Nilisimama na nguo mikononi. Nikaona kwamba hakunifanyia nafasi mkekani, wala hakufikiri kwamba ningeitaka.

"Starehe," nikamwambia, kama wanavyojibu wapita njia, nikapita.