Nailoni ya Filta

Nyumbani kwetu Bunju vitu havitumiwi, vinatunzwa. Makochi yana mwaka wa saba na bado yamevaa nailoni ya dukani. Ukikaa mchana wa joto, wakati wa kuinuka mapaja yanabanduka kwa mlio, na mgeni anajifanya hajasikia. Rimoti ya televisheni imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, namba hazisomeki, tunabonyeza kwa imani. Ukimwambia mama, "Hii nailoni si tuitoe sasa?" anakujibu kwamba ukishapata vyako utavichezea utakavyo. Mie nilikuwa namchekaga sana. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana mbele mtalihitaji.

Vyangu nikavipata. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye karakana moja pale Mikocheni, na baada ya kujinyima kila kitu kasoro hewa, nilinunua kamera mpya ya mirrorless, zile nyepesi ambazo ndani hazina kioo cha kupinduka. Niliitangaza mtaa mzima. Nilimweleza mpaka muuza genge, ambaye alinisikiliza kwa adabu kisha akaniuliza kama nyanya nachukua au sichukui.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa moja tu, nayo haikuwa ya mchezo. Bibi yangu, mama yake mama, anakaa Kilwa Kivinje, na maisha yake yote amekataa picha. Iliyopo ni ile ya kitambulisho, anamtazama mpigaji kama mwizi aliyemkuta na kuku wake. Sababu yake alikuwa haifichi. "Mkishanibeba kwenye picha, huku mtakuja kufuata nini?" Kwa jinsi tulivyokuwa tunakwenda, Idi hadi Idi, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumbishia.

Mwaka huu akaanza kumwita mama kwa jina la dada yake mama, ambaye ni marehemu. Mama akawa akikata simu anakunja kanga yake na kuikunjua. Alitaka picha moja tu ya mama yake akiwa bado anatujua. Siku moja bibi mwenyewe akasema kwenye simu, "Haya, njooni mnipige. Mara moja tu, halafu msinisumbue tena." Mama alilia palepale jikoni, na kitunguu hakikuwepo.

Basi, kabla ya safari ilibidi kamera ipate vikorokoro vyake. Nilianza na duka la hapo Mikocheni, lenye kiyoyozi na ukimya wa benki. Muuzaji alivaa glavu nyeupe kunionyesha begi. Begi! Akaniuliza, "Dada, kamera yako unaipenda?" Nikasema naipenda. Akanitajia bei, na nikagundua kwamba mapenzi yangu yana mpaka. Kwa bei ya begi lile ningepata mbuzi wawili na kamba zao. Nikamwambia naenda kuongea na mume wangu, mume ambaye sinaye, nikatoka.

Nikaishia Tandika, kwenye kiduka cha mzee mmoja wa Kiarabu. Ukoo wao umeuza saa hapo tangu hatujazaliwa, na siku hizi wameongeza vitu vya simu na kamera. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba binti, unasafiri?" Sijui alijuaje, labda nilikuwa na sura ya mtu anayetaka kudanganyika haraka. Nikadaka kadi ya kuhifadhia picha iliyoandikwa jibi nyingi kwa bei ya chipsi mayai. Akaninyang'anya taratibu. "Hiyo inasema ina nafasi yote hiyo. Inasema tu." Akanipa ndogo ya kweli. Akanipa betri ya akiba, mkanda, stendi ambayo mguu wake mmoja una maoni yake binafsi, na begi ambalo waziwazi lilishonwa kwa ajili ya chakula cha mtoto wa shule. Nilijiona nimeokota dodo.

Mwisho akanifungia filta, kile kioo cha duara kinachokaa mbele ya lenzi kuilinda, pamoja na kava ya skrini ya nyuma. Akanionyesha kwa kidole. "Hizi zote zina nailoni juu. Ukifika nyumbani, itoe." Nikajibu, "Ndiyo mzee." Nilijibu vizuri kabisa, kama mtu mwenye akili.

Nyumbani nikavifunga kwenye kamera. Nailoni ya filta ilikuwa imekaa safi, haina hata povu, na pembeni ina kisikio kidogo cha bluu cha kuivutia. Mkono ukaenda kwenye kisikio. Halafu nikawaza: Kilwa kuna vumbi, kuna chumvi ya bahari, kuna wajukuu wenye vidole vya samaki wa kukaanga. Kitu kipya jamani! Si nitaitoa tukirudi? Nikaiacha, ya mbele na ya nyuma. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. "Afadhali," akasema, "umeanza kupata akili." Wallahi nilifurahi kusifiwa.

Nikajaribu kupiga picha ya mpapai, nikaona kwenye skrini kaukungu. Mie mtaalamu nikajieleza kwamba huo ni ukungu wa nailoni ya skrini, picha yenyewe huko ndani iko safi. Hoja haikuwa na tundu hata moja.

Kilwa tulimkuta bibi amejiandaa kuliko bi harusi. Kanga mpya, wanja machoni, kikuba cha asumini kifuani. Ameketi barazani kwenye kiti, na viatu vya mtu mwingine miguuni maana vyake havikumridhisha. Aliponiona akacheka, "Mke mwenzangu huyo kaja na mashine yake! Njoo uone wanawake tulivyo." Bibi na mjukuu wa kike huwa tunataniana hivyo, tunagombea babu ambaye alishakufa zamani.

Nikasimamisha stendi, mguu ukagoma, nikauwekea jiwe. Ndipo mama akatoa simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka, akainua. Nikamgeukia. "Mama, weka hiyo simu! Usitutie aibu. Nimebeba kitu cha maana hapa, wewe unatoa hiyo?" Nilisema mbele ya majirani. Mama aliirudisha kwenye mkoba polepole, akafunga na zipu.

Nilipiga mpaka kidole kikachoka. Katikati bibi akamwita mama kwa jina lake, lile lake hasa, akamwambia, "Mwanangu, umekonda, au huko Dar mnakula picha?" Mama akacheka huku anajifuta macho, na bibi akacheka kwa kuona mama anacheka, kinywa wazi, jino lake moja la mbele likionekana. Nikabonyeza hapohapo. Najua nilibonyeza kwa wakati, hilo hamniondolei.

Mama akachungulia skrini. "Mbona kama kuna ukungu?"

"Hiyo ni nailoni tu, mama. Picha yenyewe safi."

Akaitikia kwa kichwa, akaelewa. Duniani hakuna mtu ambaye angeelewa upesi kuliko yeye.

Tuliporudi Bunju nikachomeka kadi kwenye kompyuta. Picha ya kwanza ukungu. Ya pili ukungu. Ya hamsini, kitu cha bluubluu chenye umbo la mama mzee, macho hayapo, jino halipo. Kwanza nikailaumu kadi. Nikailaumu kompyuta. Nikamlaumu mzee wa Tandika, masikini, ambaye kosa lake lilikuwa kunieleza Kiswahili nikamwitikia. Nikaichukua kamera nikaielekeza dirishani, na kile kisikio cha bluu kikaning'inia pale kinanitazama. Nikakivuta. Nailoni ikabanduka yote kwa mara moja, nyepesi, bila shida yoyote. Nilikaa chini sakafuni. Nilitamani kujizaba makofi.

Mama alikuwa anakuna nazi. Nikamweleza yote, sikuficha kitu, maana uongo ungehitaji akili na zangu zilikuwa zimekwisha. Akanawa mikono, akaja, akazitazama zote moja moja mpaka ya mwisho. Pale kwenye ile ya kicheko akakaa muda mrefu. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

"Simu nilikuwa nayo mkononi," alisema. Basi.

Akampigia bibi akaweka sauti ya nje ili na mie nisikie adhabu yangu. "Mama, zile picha zimeharibika."

"Zote?"

"Zote."

"Hata moja haikutoka?"

"Hata moja, mama. Utuwie radhi."

Nikajua sasa anakumbuka masharti yake, mara moja tu. Halafu tukasikia bibi anacheka, anacheka kwa furaha, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Alhamdulillahi. Basi mtarudi." Akauliza lini. Akauliza tena lini. Na wakati wa kuaga akamwita mama kwa jina la marehemu, na mama akaitika.

Mama aliweka simu mezani. Akaenda jikoni akarudi na kisu, nikasogea kando kwa tahadhari. Akainama kwenye kochi kubwa akaipasua nailoni kutoka mkono hadi mkono, akaivuta kwa nguvu zake zote, miaka saba ya jasho la wageni ikitoka na mlio wa ajabu. Akaenda la pili, la tatu. Kumbe makochi yetu ni ya kijani. Mie nilikuwa najua ni ya kijivu.

Akakaa. Akapitisha kiganja kwenye kitambaa, huku na huku.

"Laini," akasema, kama anamlaumu mtu. Kisha akanitazama. "Ijumaa tunaondoka. Hiyo mashine yako ikitaka kuja ije. Mie simu yangu naichaji kuanzia sasa, na safari hii uniambie niirudishe kwenye mkoba, uone."

Nikainuka nikaenda kumtafutia chaja.