Anasuka Unywele Mmoja

Tusidanganyane, ulikuwa wivu. Wifi yake alipofungua saluni mkabala na ya kwake, Mama Kipara alimpongeza mbele za watu huku moyo ukimwaka moto. (Jina hilo alipewa kwa sababu binti yake alizaliwa hana hata unywele. Sasa ana nywele hadi mabegani.)

Wateja walianza kuvuka barabara mmoja mmoja kufuata bango jekundu la wifi: WE PLAIT HAIRS.

"Kinachowavuta ni kile Kiingereza," alimwambia mumewe.

"Kinachowavuta ni mikono," mumewe akajibu. Alisahau kwamba msifiwa ni dada yake, na kwa hilo alinuniwa wiki nzima.

Mwalimu wa Kiingereza, mteja aliyebaki, ndiye aliyemfumbua macho. "Wifi yako kachemsha. Nywele za kichwani kwa Kiingereza hazitiwi s mwishoni, wala a mbele. Kichwa kizima ni hair tu. Ukitia s, ni kama unahesabu unywele mmoja mmoja."

Mama Kipara alifurahi, tena bila haya. Akamwita mchora mabango, akaandikiwa WE PLAIT HAIR, herufi kubwa kuliko za wifi.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa umeshika somo moja tu la Kiingereza: s ndiyo wingi. Wapita njia walisoma, wakavunjika mbavu.

"Jamani, huyu anasuka unywele mmoja! Twendeni ng'ambo wanakosuka zote!"

Alisimama mlangoni akifafanua mpaka sauti ikamkauka, na viti vikabaki vitupu. Haya, na waende! Kichwa kimoja tu aliapa hakitavuka barabara ile, nacho ni cha binti yake.

Asubuhi ya mahafali ya binti aliandaa kitana, mafuta na rasta, akangoja. Binti akaingia ameshasukwa, mistari imenyooka. Mama Kipara hakuhitaji kuambiwa mkono ni wa nani.

"Hata wewe! Na unajua fika bango langu ndilo sahihi!"

"Ni sahihi, mama. Hata kwenye mtihani ningeandika la kwako." Binti akainamisha macho. "Ila wewe ukinisuka, unamsema shangazi kuanzia utosini mpaka kisogoni. Yeye leo aliniuliza tu kama naumia."