Vidonge Mbele ya Shemeji

Mume wangu Gordon, baba wa mtoto wetu Sheryl, ana ugonjwa wa kongosho usiopona. Kongosho ndilo hutoa maji ya kusaga chakula tumboni, na lake limechoka, kwa hiyo kila anapokula lazima ameze vidonge pamoja na tonge la kwanza. Akichelewa, au akila mafuta mengi, maumivu humshika chini ya kifua yakatokea mgongoni, na mwanamume mzima hujikunja sakafuni akitapika. Kila nikimkimbiza hospitali huwaza kwamba safari hii sitarudi naye.

Kwetu Migosi humeza bila shida. Shida ni mbele ya watu. Huku ukionekana unameza vidonge na chakula, watu wameshakupima virusi vya UKIMWI na majibu wanayo wao. Basi Gordon hula kwanza, halafu huenda kuvimeza chooni, nami hukasirika.

Jumamosi tulikwenda kwa wazazi wangu, Katito. Kwa desturi yetu mkwe hali chakula pamoja na mama mkwe, kwa hiyo Gordon aliketi sebuleni na kaka yangu Opondo, mimi nikabaki jikoni na Mama. Mama akashika kopo la samli.

"Mama, ya Baba Sheryl usiweke."

"Mkwe akule mboga kavu? Watu watasema nini?"

"Hiyo samli itamuua!"

Nilipaza sauti kuliko nilivyotaka. Mama akaweka kopo chini, akanuna. Nilipeleka ugali, mboga na samaki wa kuchemsha, kisha nikasimama nyuma ya pazia. Nilisikia maji ya kunawa, halafu sala ya Opondo. Ameze, Mungu wangu, ameze sasa.

Nikachungulia. Gordon alikuwa ameshika tonge, jasho linamtoka. Akalitia mdomoni, akatoa kichupa mfukoni, akameza vidonge Opondo akimtazama.

"Ni ya tumbo, shemeji," alisema.

Nilikuwa nimerudi jikoni Opondo aliponifuata, uso umemshuka. Akaninong'oneza, "Dada, na wewe umepimwa?"

Nilitaka kumpiga na mwiko. Badala yake machozi yalinitoka, nikamwambia, "Enda uambie Katito yote."

Kabla hajanijibu, Gordon aliita kutoka sebuleni.

"Mama Sheryl, ugali imebaki?"