Mwanangu Anapita Dar, Anasema Hana Viza

Wanangu, marahaba, najua mmeshaniamkia. Admin, jina langu lifiche, maana hapa mtaani kwetu Kikuyu tunajuana mpaka kuku. Nina miaka 61, ni mjane, naishi Dodoma peke yangu na redio.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, yuko Ulaya mwaka wa tisa. Alishachukua uraia wa huko, pasi yetu akairudisha. Sikumlaumu, ni maisha. Baba yake alipofariki hakuja, alisema kazi zimembana. Siku ya maziko nilichota udongo wa kaburini nikauweka kwenye kopo la maziwa ya unga, ili akija aumwage pale kwa mkono wake mwenyewe. Kopo liko kabatini mwaka wa nne huu.

Sasa ana safari za kikazi kwenda Afrika Kusini, na ndege anabadilishia Dar. Kila nikimwomba atoke nje nimwone hata kidogo, jibu ni lile lile: "Mama, mimi sasa hivi ni mgeni, sina viza. Siruhusiwi kutoka." Nami naitikia, haya baba, safari njema. Nikikata simu nalia.

Safari hii anatua Ijumaa asubuhi, anaondoka Jumamosi jioni. Jamani, si siku nzima hiyo na usiku wake! Nikaenda kwa binti wa steshenari anayewajazia watu fomu. Akacheka. "Mama, mbona ipo viza ya wanaopita tu? Anaomba mtandaoni kabla hajasafiri. Kwa pasi yake hiyo haimshindi."

Weee! Nilirudi nyumbani mbio na magoti yangu haya mabovu. Nikampigia: "Baba, nimeulizia, viza ipo!" Nilidhani atafurahi. Akasema, "Mama, nani alikutuma uulizie?"

Kumbe alikuwa anajua siku zote. Hilo swali limeniuma kuliko hata msiba wenyewe. Tangu Jumapili simu yangu hapokei. Sijui nilimkosea nini. Huenda anaogopa kulikuta kaburi, huenda mimi ndiye namtia aibu. Jana nimejikuta nimepakua ugali na mlenda sahani mbili, nikakaa naziangalia mpaka zikapoa.

Tiketi ya treni nimeshakata. Nishaurini wanangu, nifanye nini? Niende na kopo langu nikasimame pale uwanja wa ndege wanapotokea abiria, bila kumwambia? Na asipotoka je?